Jibu Lililotangulia Swali

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, upande wa kushoto umeshasukwa umetulia na wa kulia bado umesimama kama umeshtuliwa usingizini, pale shangazi yake alipoingia saluni akipiga vigelegele.

Si kigelegele kimoja cha kubisha hodi. Vilikuwa vile vya kuamsha mtaa. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu wakainua vichwa wote pamoja, na hata yule aliyekuwa chini ya drayer la kukaushia nywele, ambaye kwa ule uvumo hasikii hata akiitwa jina, alichomoa kichwa nje akauliza nani kajifungua.

"Mwanangu!" Shangazi alimkumbatia Msusi pamoja na kitana chake. "Mwanangu, umenikata kiu! Nilisema mimi, yule kijana pamoja na vitufe vyake vyote ana mwisho mwema."

"Shangazi, shikamoo kwanza."

"Marahaba, bibi harusi!"

Benchi likanyamaza. Saluni ile haikuzoea kunyamaza. Hata redio ilionekana kushangaa.

"Bibi harusi nani?" aliuliza Msusi.

"Hebu mtazameni!" Shangazi aliwageukia wa kwenye benchi, maana hakuna raha ya habari bila hadhira. "Kaulizwa jana jioni, kakubali jana jioni, na leo yupo hapa anasuka vichwa vya watu kama hana hili wala lile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wenzangu!"

"Jana jioni nilikuwa nyumbani naosha vitana."

"Na baada ya vitana?"

"Nililala, shangazi."

Shangazi alimtazama kwa jicho la mtu anayehisi ananyimwa utamu, akatoa simu mkobani, akamkabidhi. "Basi soma. Au utaniambia kaandika mzimu?"

Sasa, ili uelewe kizaazaa hiki, ni lazima kwanza umjue huyo mwenye vitufe. Kwa kazi alikuwa fundi wa lifti. Kwa mapenzi yake mwenyewe, bila kulipwa wala kutumwa na mtu, alikuwa mwandishi wa blogu, tena wa zamani, tangu enzi za simu zenye tochi. Kila Jumamosi aliandika mambo ambayo hakuna aliyemuuliza: vikokotoo vya zamani na jinsi namba zao zilivyokuwa zikiwaka kijani, saa za mkononi zenye redio ndani, kwa nini watu hubonyeza kitufe cha lifti mara tatu kana kwamba lifti ina masikio mazito. Wasomaji wake wote wangeenea kwenye lifti moja na isingelia kuwa imezidiwa. Lakini hakuwahi kukosa Jumamosi. Watu wakamwita Vitufe, naye akalipenda hilo jina kuliko alilopewa na wazazi.

Aliingia saluni kwa mara ya kwanza akiwa hatafuti mtu. Alikuwa akipita barabarani akaliona lile drayer la kusimama kupitia dirishani, lile kubwa lenye kofia ya bati na kitufe cha kuzungusha. Wanaume wengine wakiingia saluni ile hutazama wateja, au humtazama Msusi, ambaye kwa kweli alikuwa wa kutazamwa. Huyu alipita katikati yao wote, akasimama mbele ya drayer, akaweka mikono nyuma kama yuko mbele ya mzee, akasema, "Samahani dada, naweza kuligusa?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Msusi naye alicheka. Lakini kicheko chake kilipoisha, kitu kingine kilibaki.

Jumamosi iliyofuata drayer likaandikwa, na aliye nalo akaandikwa pia. Vitufe hakuwa akitaja majina ya watu kwenye blogu yake. Kila mmoja alimwita kwa kazi au kwa kitu chake. Msusi akawa Mwenye Drayer. Na Shangazi, aliyeanza kuisoma blogu ile kwa nia ya kumchunguza mwanamume, akanogewa, mpaka akawa anajua betri za saa kuliko siku za kuzaliwa za wajukuu wake.

Msusi akasoma. Maneno yalikuwa machache, makavu, ya Vitufe mtupu:

*Jana jioni nilimuuliza Mwenye Drayer kama atakubali kuwa mke wangu. Alicheka kwanza, halafu akasema ndiyo. Baadaye tulikunywa chai. Nilikuwa nimewaahidi habari za kile kikokotoo cha mezani, lakini naomba kisubiri wiki ijayo. Leo sina akili ya hesabu.*

Chini yake palikuwa na maoni ya mtu mmoja. *Hongereni wanangu, mimi shangazi wa bibi harusi nalia kwa furaha.*

Alisoma tena. Masikio yakamwaka moto. Kilichomchoma hakikuwa uongo wenyewe. Ni kwamba lile lilikuwa jibu lake hasa. Angesema ndiyo. Angecheka kwanza. Hata chai wangekunywa. Miezi mingi alikuwa amelibeba neno lile kifuani, akilifuta vumbi, akingoja aombwe, na sasa amelikuta mezani kwa watu limeshaliwa nusu.

"Shangazi, nani mwingine amesoma hii?"

"Nani asome? Mimi tu." Shangazi alirekebisha mtandio. "Na mama yako. Nilimpigia kumpa hongera."

Kabla hajamaliza, simu ya Msusi ikaita.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya mama yake, muuguzi mstaafu, sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kwa wagonjwa wanaokataa sindano.

"Kazini, mama."

"Maliza kichwa ulichoshika, uje."

Akakata. Msusi akampigia Vitufe. Hapatikani. Jumamosi hakupatikana kamwe. Alikuwa ndani ya mashimo ya lifti, kati ya ghorofa na ghorofa, mahali ambapo hata mtandao huona giza. Basi akamaliza kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mikononi mwake na nusu ya msuko, na hakuwa tayari kuanza siku hiyo. Aliwaomba radhi waliobaki kwenye benchi, nao wakasema si neno, nenda mama, ila urudi utuambie.

---

Alikuta sebule imejaa. Mama yake ameketi kiti cha pembeni, mgongo umenyooka. Kaka yake mkubwa, mwalimu wa udereva, amesimama mlangoni na funguo za gari la shule zinaning'inia kidoleni. Majirani wawili walikuwa wameshawahi na hongera zao, na walipoona hewa imebadilika hawakuondoka. Nani aondoke hapo? Shangazi aliingia nyuma ya Msusi akajibanza kwenye kochi.

"Kaa," alisema Mama.

Akakaa.

"Nimekuzaa mimi. Nimekunyonyesha mimi. Leo nasikia una mchumba, kwa wifi yangu, naye kasikia kwenye simu. Mimi ni nani katika nyumba hii? Mpangaji?"

"Wifi, usiniingize mimi," alisema Shangazi. "Mimi ni msomaji tu."

"Wewe nyamaza, wewe ndiye umepiga tarumbeta."

"Mimi nilisema zamani," alidakia Kaka. "Mtu anayeongea na kikokotoo ataongeaje na wazee? Nilimfundisha gari yule. Nikamwambia kata kulia, akaniuliza kwa nini taa ya kulia inalia tofauti na ya kushoto. Tukapanda ukingo!"

Jirani mmoja akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Nakuuliza neno moja," Mama alimwinamia binti yake. "Ni kweli au si kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Akisema ni kweli, basi amejiozesha mwenyewe mgongoni mwa mama yake. Akisema si kweli, basi anayempenda ni mwongo, na mama yake hakuwa mtu wa kumfungulia mwongo mlango mara mbili.

"Si kweli, mama. Hajaniuliza."

"Hajakuuliza."

"Hajaniuliza kitu. Jana hata hatukuonana."

Mama aliegemea nyuma taratibu. Hasira yake ilihama, wote wakaiona ikihama, kutoka kwa binti ikaenda kutafuta mwenyewe. "Basi anatuchezea. Anakutangaza kwa watu ambao hata hatuwajui. Sikiliza: huyo asije tena hapa. Mimi siozi mwanangu kwa mtu anayesema yasiyokuwapo."

"Mama..."

"Nimemaliza."

Na kama ilivyo kwa watu wanaosemwa, mlango ukabishwa.

Alikuwa bado na ovaroli, grisi mpaka kwenye viwiko, kofia ngumu ameishika kifuani. Alikuwa ametoka shimoni, simu ikapata mtandao, na ujumbe wote ukamwangukia kwa pamoja. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya ile grisi.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitika. Alimtazama tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," alisema Shangazi kwa sauti ndogo, kisha akamtazama wifi yake kama mtu aliyejikwaa.

"Mwalimu, habari."

"Habari unazo wewe," alisema Kaka. "Sisi tunazisoma tu."

Vitufe alisimama katikati ya sebule. Macho yake yalimtafuta Msusi, yakampata, yakashuka.

"Mama, naomba nieleze," alisema. "Huwa naandika makala mapema, katikati ya wiki. Halafu naitegesha ijirushe yenyewe Jumamosi asubuhi, kama mtu anavyotegesha kengele ya kuamka, kwa sababu Jumamosi niko shimoni. Nilipanga kuja jana. Nilishavaa shati. Nikapigiwa simu, lifti imekwama, kuna mzee ndani na godoro lake jipya. Huwezi kumwambia alale tu mpaka kesho. Nilipomtoa nilikuwa nimechoka, nikarudi nyumbani nikasahau kuitegua."

"Kwa hiyo godoro ndilo limetuletea aibu," alisema Kaka.

"Hapana. Mimi."

Msusi akasimama. "Mama, naomba nizungumze naye uani."

"Mlango ubaki wazi," alisema Mama.

---

Uani kulikuwa na kamba ya nguo na beseni lililoinamishwa. Walisimama pande mbili za shuka lililoanikwa, Msusi akashika ncha moja kwa kukosa mahali pa kuweka mikono. Vitufe hakushika kitu, kwa sababu ya grisi.

"Ulijuaje nitacheka?" aliuliza Msusi.

"Wewe hucheka kabla ya kusema ndiyo. Hata nikikuuliza kama unataka maji."

"Na ulijuaje nitasema ndiyo?"

Ndani, mtu alipunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

"Sikujua," alisema hatimaye. "Nikiogopa kitu huwa nakiandika kwanza kimekwisha kuwa. Siku ya kuomba kazi niliandika nimepata. Ni ushamba, najua. Nilitaka niyaone yale maneno yamekaa pamoja, wewe na ndiyo. Nikayatazama siku nzima. Halafu nikayategesha, maana nilijiambia kufika Jumamosi nitakuwa nimeshauliza."

Moyo wa Msusi ulitaka kulainika, akaukatalia.

"Nisikilize, Vitufe. Siku ile ulipoingia saluni, drayer lenyewe uliliombea ruhusa. Chuma! Ukaweka mikono nyuma ukauliza, naweza kuligusa? Nikajisemea moyoni, huyu akija kwangu atabisha hodi. Ndiyo maana nimekungoja. Nimekungoja hata shangazi akaanza kunitafutia wengine. Leo drayer limeulizwa, mimi sikuulizwa."

Vitufe hakutafuta kisingizio. Hilo Msusi aliliona, akalihesabu upande wa mema yake.

"Naifuta sasa hivi," alisema, akitoa simu.

"Usifute. Si wewe unayesema mwandishi akikosea hafuti? Anaandika sahihisho chini yake, watu walione? Uliandika sahihisho refu kwa sababu ulikosea rangi ya kitufe cha kikokotoo."

"Kilikuwa cha machungwa. Niliandika chekundu."

"Basi mimi si zaidi ya kitufe?"

Vitufe alimtazama moja kwa moja, juu ya shuka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi la shimoni.

"Nipe sabuni," alisema. "Ninawe, niandike mbele yao."

---

Sahihisho liliandikwa sebuleni, kwenye laptopu ya Kaka, na sijui kama kuna maandishi yaliyowahi kuwa na wahariri wengi kama yale. Shangazi alitaka yaingie maneno "kwa unyenyekevu mkubwa." Kaka alitaka iandikwe kwamba amemkalipia. Jirani mmoja alisema ni vizuri kutaja majirani, kwa kuwa nao wamesumbuka.

"Andika ukweli tu," alisema Mama. "Ukweli haujazi ukurasa."

Vitufe akaandika, akasoma kwa sauti: "*Sahihisho. Niliyoandika leo asubuhi hayajatokea. Sikumuuliza Mwenye Drayer neno lolote, wala yeye hakujibu. Nilimwandikia jibu ambalo ni lake, na kwa kosa langu mama yake akalisikia kwa watu. Mtambo ulifanya nilivyouambia. Aliyekosa ni mimi.*"

Mama alivaa miwani, akaisogelea laptopu, akasoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kama anavyosoma cheti cha dawa. Sebule nzima ilimngoja. Akavua miwani.

"Marahaba," alisema.

Vitufe hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, mabega yakamshuka.

"Kwa hiyo hujamuuliza," Mama akaendelea.

"Sijamuuliza, mama."

"Sasa unangoja nini, mtandao?"

Shangazi alijishika mdomo kwa mikono miwili. Vitufe akasimama, akagonga meza, akaomba radhi kwa meza. Akamgeukia Msusi. Wiki nzima alikuwa na sentensi zilizonyooka, na sasa zote zilikuwa zimemkimbia.

"Mimi," alisema. "Yaani. Nikiwa shimoni, kuna wakati nasikia watu wanaongea ndani ya lifti, hawajui kama nipo. Wanaongea mambo ya kawaida. Nani kanunua nyanya, nani kasahau ufunguo. Na kila mara nafikiri, ningependa... mimi na wewe tuwe tunaongea hayo. Nyanya. Ufunguo. Mpaka tuzeeke. Kama utataka. Naomba unioe. Hapana! Naomba nikuoe."

Kaka aliangusha funguo kwa kicheko. Majirani walishikana. Hata Mama aligeukia dirishani, mabega yakitikisika.

Msusi hakucheka. Alikuwa amesikia kila neno, na kila neno lilikuwa limeingia mahali pake.

"Nimelisikia swali," alisema. "Jibu nitalitoa mimi, saa nitakayo, na si mbele ya kikao."

"Jamani!" Shangazi alilia kama aliyeibiwa. "Mtaniua na presha yangu!"

Lakini Vitufe aliinamisha kichwa. "Sawa," alisema. Akaokota kofia yake ngumu, akaaga mmoja mmoja, akaanza kutoka.

Msusi alimsindikiza mpaka getini. Vitufe, aliyekuwa na mazoea ya kuandika kesho kabla haijafika, sasa alikuwa akitembea kama mtu aliyezimiwa taa kwenye ngazi, akipapasa kila hatua, na hakuuliza, wala hakuharakisha. Msusi alimtazama ubavuni, kile kidoa cha grisi kilichobaki nyuma ya sikio, akajua kwamba hangeweza kumwacha afike barabarani hivyo.

"Jumapili ijayo waambie watu wako waje," alisema. "Mchana, baada ya chakula. Mama hapendi kukutwa anakula."

Vitufe alisimama na mkono juu ya komeo.

"Waje kufanya nini?"

"Vitufe!"

"Nauliza." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Sitaki tena kujijibu."

Ndipo Msusi alipopeleka mkono nyuma ya sikio lake, akakifuta kile kidoa kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kikaisha.

"Ndiyo," alisema. "Nimekubali. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu."

Vitufe akavaa kofia yake ngumu, akaivua, akaivaa tena, akaondoka akitembea katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akampigia kengele.

"Mwanangu!" Shangazi alikuwa ameshatoa nusu ya mwili nje ya dirisha la sebule. "Umemwambiaje? Nionyeshe hata kwa mkono!"

Msusi alifunga geti, akapandisha komeo. Akaingia ndani, akapita katikati ya macho yote yale bila kugeuka, mpaka kwenye kiti cha pembeni.

"Mama," alisema, "twende jikoni. Nina neno nataka ulisikie kwangu."